Mia Nane Hamsini na Nne kwa Saba

Walimwita Cherehani, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Akianza kusema hana kituo wala mkato. Maneno yanatoka tu, tatata-tatata, mpaka msikilizaji ajishike kichwa. Jina hilo alilipata zahanati, alikokaa miaka sita kwenye dirisha la mapokezi, akiita wagonjwa, akitafuta mafaili, akiwapoza wazee waliokuja na hasira na kuwachekesha watoto waliokuja na homa. Watoto hao ndio waliomtoa pale. Siku moja alijikuta amesimama nje ya dirisha lake, faili la mtu liko kwapani, anamwonyesha kitoto cha miaka mitano jinsi ya kusoma saa ya ukutani, na foleni imefika mlangoni. Daktari alitoka akamtazama, akasema, "Dada, wewe hapa umepotea njia." Hakuudhika. Alijua ni kweli.

Basi akiwa na miaka ishirini na nane akaacha dirisha, akaingia chuo cha ualimu, akakaa dawati moja na vijana waliomwita "dada mkubwa" usoni na "shangazi" kisogoni.

Mwaka wa pili chuo kikatangaza nafasi sita za mazoezi ya kufundisha nje ya nchi. Wiki nane, katika shule ya msingi iliyopokea watoto wa familia zilizohamia kutoka kila pembe ya dunia. Walioomba walikuwa mia na zaidi. Cherehani naye akaomba, akasailiwa, akasema sana kama kawaida yake. Orodha ilipobandikwa, akajikuta wa saba.

"Wa saba ni wa akiba," mkuu wa mazoezi alimweleza. "Akidondoka mmoja, unaingia."

"Na asipodondoka?"

"Basi utabaki kuwa wa saba. Si namba mbaya."

Alikubali yaishe. Lakini mambo ya Mungu hayana ratiba. Siku tisa kabla ya safari, mmoja wa wale sita, msichana mlinzi wa timu ya mpira wa pete, aliruka kudaka mpira akatua vibaya, kifundo cha mguu kikavunjika. Cherehani alikwenda kumwona wodini akiwa amebeba machungwa. Alimwonea huruma kwelikweli. Na furaha nayo ilimjaa, hakujua aifiche wapi. Machozi yakamtoka.

"Dada mkubwa," mgonjwa akamwambia, mguu uko juu ya mto, "chagua moja. Kama unalia kwa ajili yangu, lia. Kama unafurahi, nenda kafunge sanduku."

Wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Nyumbani ilikuwa patashika. Mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, alizikunja nguo za binti yake kwa pembe nne sawasawa kama za wodini. Baba, fundi redio, alimfungia adapta tatu za soketi, kila moja ya nchi tofauti, kwa sababu hakuamini maelezo aliyopewa. Mdogo wake wa mwisho aliomba aletewe kila kitu.

"Eti unakwenda kufundisha watoto wa watu," mama alisema, huku akibana zipu ya sanduku kwa goti. "Kuwafundisha nini, wakati wewe mwenyewe tangu uzaliwe hujajifunza kunyamaza?"

"Mama, nitanyamaza kwenye ndege."

"Namwonea huruma atakayekaa pembeni yako."

Hakunyamaza. Aliyekaa pembeni yake alikuwa mzee muuza viatu, na mpaka ndege inatua walikuwa wameshaonyeshana picha za ukoo mzima.

*

Shule ilikuwa jengo la ghorofa tatu, na darasa lake lilikuwa juu kabisa. Koridoni kulikuwa na misumari ya kutundikia makoti, kila msumari na jina la mtoto kwenye kipande cha karatasi. Cherehani alisimama akayasoma yale majina moja baada ya jingine, mengine ulimi ukigoma, na kila alilolisoma lilimwongezea hamu ya kumjua mwenyewe. Watoto ishirini na saba, wa miaka kumi na kumi na moja. Lugha zilizozungumzwa majumbani kwao, kumi na moja. Darasani walisomeshwa kwa lugha ya nchi ile, na Cherehani aliijua vizuri; aliisomea miaka mingi na kupata alama za juu.

Mwalimu mwenyeji, yule aliyekabidhiwa kumwangalia, alikuwa mwanamume mrefu aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Akiingia darasani alivua viatu akavaa kandambili. "Miguu yangu imesimama miaka thelathini na nane," alimwambia. "Ina haki zake."

Somo la kwanza Cherehani alilianza kwa moto. Alisalimia, akajitambulisha, akasimulia alikotoka, akaingia kwenye hesabu za mafungu, akachora, akafuta, akatoa mfano, na mfano wa mfano. Alikuwa anapaa. Baada ya dakika ishirini akauliza, "Kuna swali?"

Mkono mmoja ukapanda nyuma.

"Mwalimu, tafadhali, unaweza kurudia?"

"Bila shaka! Nirudie wapi?"

"Kote."

Darasa likaangua kicheko, na Cherehani akacheka kuliko wote, ingawa masikio yalimwaka. Mwalimu mwenyeji aliyatazama yote kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. Wakati wa mapumziko alimpa glasi ya maji. "Maneno yako mazuri," akasema, "ila yanapita mbio kama gari la zimamoto. Watoto wanaona taa tu."

Tangu hapo alijifunza kusema sentensi moja, akameza mate, akasema ya pili. Ilikuwa mateso. Lakini juma la pili mikono ilianza kupanda, na juma la tatu alikuwa anakimbia ngazi asubuhi, mbili mbili, ili awahi kufika kabla yao.

*

Juma hilo la tatu aliwapa kazi ya nyumbani: kugawanya, maswali kumi. Alasiri yake akakaa chumba cha walimu na lundo la madaftari na kalamu nyekundu. Alisahihisha haraka, kwa raha, mpaka akafika kwenye daftari la msichana waliyemwita Rula. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakupiga mstari hata mmoja bila rula, na hata kitabu kikikaa mshazari juu ya dawati alikinyoosha. Mtoto makini, mpole. Alikuwa na miezi mitano tu katika nchi ile.

Swali la kwanza lilikuwa mia nane hamsini na nne gawanya kwa saba. Kwa njia aliyoijua Cherehani tangu utotoni, saba inakaa kushoto, unachora kama kijipaa juu ya ile namba kubwa, na jibu unaliandika juu ya paa. Akatazama juu. Hakuna paa, hakuna jibu. Chini ya mia nane hamsini na nne aliona kumi na tano, kumi na nne, sifuri, zimepangwa kama ngazi, na pembeni mistari miwili iliyopigwa kwa rula. Swali la pili, hivyohivyo. Yote kumi.

Alisikitika. Akaandika kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mzuri: "Jibu liko wapi?" Mara kumi.

Kesho yake asubuhi, kengele haijalia, mlango wa darasa ukafunguliwa. Akaingia bibi mfupi, mnene kiasi, koti limefungwa vifungo mpaka kidevuni, daftari mkononi. Nyuma yake alikuwa Rula, anatamani ardhi ipasuke.

Bibi akasema maneno mengi kwa lugha yake, kwa kasi ambayo hata Cherehani aliiheshimu.

"Bibi anasema shikamoo," Rula akatafsiri kwa sauti ndogo.

"Yote hayo ni shikamoo?"

Rula akameza mate. "Anasema... anauliza kama mwalimu ana matatizo ya macho."

Cherehani akamtazama bibi, bibi naye akamtazama. Kisha bibi akalifungua daftari, akaweka kidole upande wa kulia wa ile hesabu ya kwanza. Pale pembeni, nyuma ya mstari wa wima, ilikaa saba. Chini ya saba, mstari wa kulala. Na chini ya mstari huo, safi kabisa, mia moja ishirini na mbili.

Jibu lilikuwepo, wala halikujificha. Yeye ndiye aliyelitafuta juu ya paa la nyumba isiyo na paa.

"Ole wangu!" Cherehani akashika mdomo. Akakokotoa kichwani: saba mara mia moja ishirini na mbili. Sawasawa. Akageuza ukurasa, la pili sawa, la tatu sawa. Kumi kwa kumi. Na makosa yote kumi yalikuwa ya mwalimu, kwa wino mwekundu.

Mtu mwingine angetafuta maneno ya kujikosha. Cherehani alihisi kitu kingine kabisa, kitu kama mtoto aliyeonyeshwa chumba ambacho hakujua kimo ndani ya nyumba yao wenyewe. Akachukua chaki, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili. "Mwambie anionyeshe. Polepole. Mimi ndiye mwanafunzi."

Rula akatafsiri. Bibi akafungua kifungo cha juu cha koti. Akaenda ubaoni akafanya hesabu nzima, na kila alipotoa alitoa kichwani, akaandika kilichobaki tu. Kumbe zile kumi na tano na kumi na nne zilikuwa masalio, kila moja na tarakimu iliyoshushwa. Alimaliza kabla Cherehani hajavuta pumzi ya pili. Miaka thelathini, Rula alieleza, bibi yake alikuwa karani wa mizani kwenye kinu cha unga, akigawa magunia kwa malori, na haikutokea hata siku moja lori likaondoka na gunia la mwenzake.

"Mwombe msamaha," Cherehani akasema. "Na mwambie mwalimu wako hana ugonjwa wa macho, ana ugonjwa wa haraka."

Bibi aliposikia hayo akacheka, akampiga Cherehani kofi dogo begani, la mapenzi lakini zito, akasema neno moja.

"Anasema 'mwanangu'," Rula akasema. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliinua uso.

*

Cherehani hakuweza kutulia. Wakati wa mapumziko alimfuata mwalimu mwenyeji mpaka kwenye birika la chai. "Kama Rula anagawanya hivi, wengine je? Tuna lugha kumi na moja humu! Mwalimu, nataka Alhamisi niwaite wazazi, waje ubaoni, kila mmoja atuonyeshe alivyofundishwa. Hesabu moja, njia zote."

"Andalio lako la somo la Alhamisi linasema eneo la mstatili."

"Mstatili hautakimbia."

Mwalimu mwenyeji akakoroga chai yake. "Mkaguzi wa mazoezi yako anakuja Jumatatu," akasema. "Alhamisi ni yako. Fanya vurugu zako, kisha Jumatatu uwe mtu mzima."

Watoto wakapelekewa barua nyumbani, na waliokuwa na ndugu wasiojua lugha ya barua wakatafsiri wenyewe. Alhamisi saa nne wakaja watu wanne: bibi wa Rula na koti lake, dereva wa basi ambaye ni baba wa mapacha wawili wa darasani, amevaa sare kwa sababu zamu yake ilianza saa sita, mama muuguzi wa meno, na mjomba mmoja fundi bomba, aliyesema tangu mlangoni kwamba yeye na chaki waliachana kwa ugomvi.

Walipokuwa wanatafuta viti, mlango ukafunguliwa tena. Mwanamke mkavu, miwani kwenye kamba, ubao wa kuandikia mkononi na fomu juu yake. Mkaguzi.

"Jumatatu nina dharura," akasema. "Nimekuja leo. Natumaini hamjali."

Cherehani akamtazama mwalimu mwenyeji. Mwalimu mwenyeji akazitazama kandambili zake.

"Karibu," Cherehani akasema. "Leo somo limebadilika." Akameza mate. "Limebadilika sana."

Mkaguzi akakaa nyuma, akabonyeza kalamu.

Hesabu ilikuwa ileile, mia nane hamsini na nne kwa saba. Bibi alianza, mfupi na safi, mistari yake imenyooka kama ya mjukuu wake. Dereva wa basi akaja na njia ndefu: toa mia saba, hizo ni saba mia moja, zimebaki mia moja hamsini na nne, toa mia na arobaini, hizo ni saba ishirini, zimebaki kumi na nne, saba mbili. "Mia, ishirini, mbili!" akapaza sauti kama anayetangaza vituo. Mama muuguzi akatumia kijipaa, njia ya Cherehani, na Cherehani alijikuta anapiga makofi kama aliyekutana na mtu wa kwao. Fundi bomba akakataa chaki. Akatazama dari, akasema, "Saba mara mia na ishirini ni mia nane arobaini. Bado kumi na nne. Mia na ishirini na mbili. Naweza kukaa?"

Watoto walikuwa wamesimama juu ya viti. Kila mmoja alitaka kusema babu yake, dada yake, mwalimu wake wa zamani alivyofanya. Ndipo mmoja wa mapacha akapiga kelele, "Tuwape ngumu! Elfu moja na moja kwa nane!"

Wakubwa wakageukia ubao, sasa ni mashindano. Bibi alipofika mwisho, imebaki moja, hakusimama. Akaongeza sifuri, akaendelea, akaandika jibu lake na kulipigia mstari: 125,125.

Dereva wa basi akaliona. Macho yakamtoka pima.

"Mia moja ishirini na tano elfu, mia moja ishirini na tano? Bibi! Umeanza na elfu moja tu! Hizi nyingine umezitoa wapi?"

Bibi hakuelewa maneno, ila sauti aliielewa. Akaweka mikono kiunoni. Dereva akaonyesha jibu lake mwenyewe. Bibi akaligonga la kwake kwa chaki, ko, ko, ko. Mama muuguzi akataka kusuluhisha, akakatizwa na pande zote mbili. Kelele zikafika koridoni. Cherehani alimwona mkaguzi anaandika, anaandika, na akataka kuingilia, awaeleze, amalize. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Akayameza.

"Nani anaweza kuwasaidia wazee wetu?" akauliza. Kisha akanyamaza.

Rula akatoka kwenye dawati lake na rula mkononi. Akatembea mpaka ubaoni, akasimama kati ya sare na koti, na akaiweka ncha ya rula juu ya ule mkato.

"Huu si wa elfu," akamwambia dereva kwa lugha ya shule, na hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikifika nyuma ya darasa. "Kwetu, huu ni nukta. Nyinyi mnaandika nukta, sisi tunaandika mkato. Ni mia moja ishirini na tano nzima, na kipande." Akamgeukia bibi yake, akamweleza hayohayo kwa lugha ya kwao.

Dereva akalitazama jibu lake mwenyewe: 125.125. Akalitazama la bibi. Polepole akavua kofia ya kazi.

"Nukta tu?" akasema. "Tumegombana kwa ajili ya nukta?"

Bibi akamtolea mkono, wakashikana mikono mbele ya watoto ishirini na saba waliopiga kelele kama uwanja wa mpira. Fundi bomba, kwenye kiti chake, akasema kwa sauti, "Ndiyo maana mimi siandiki."

*

Mkaguzi alimwita Cherehani chumba cha walimu. Alivua miwani, akaiacha ining'inie.

"Kwenye mpangilio wa muda nimekupa alama ndogo. Umezidisha dakika kumi na tisa, na darasa la michezo limesubiri uwanjani. Unakubali?"

"Nakubali."

"Kwenye kufuata andalio la somo nimekupa sifuri, maana hukulifuata."

"Nakubali hiyo pia."

"Kwenye ushiriki wa wanafunzi fomu inaishia tano." Akamwonyesha. Ilikuwa imeandikwa tano, na pembeni, kwa herufi ndogo: *fomu haitoshi*. "Yule mtoto mwenye rula. Nilikuwa hapa mwezi wa pili, sikumsikia akitamka hata jina lake. Sasa niambie, ile hesabu ya bibi, pale baada ya kutoa nane mara moja, aliendeleaje? Sikuishika vizuri."

Cherehani akachukua kipande cha karatasi, wakainama wote wawili juu ya meza. Alipotoka alishuka ngazi zote tatu akikimbia, akasimama barabarani mbele ya karakana ya mabasi, akampigia mama yake simu.

"Mama, nimefaulu! Na nimepata sifuri! Na bibi mmoja amenipiga! Na mama, mkato ni nukta!"

"Polepole, mwanangu," mama akasema, na mvumo wa mashine za kufulia ukisikika nyuma yake. "Kasema nani? Nani kakupiga?"

Akaanza upya, sentensi moja, akameza mate, sentensi ya pili. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, na walipoagana alimwambia mfuaji mwenzake kwamba huko ughaibuni lazima wana dawa.

Wiki tano zilizobaki zilikwenda kama upepo. Kila Alhamisi mtu mzima mmoja alikuja darasani kufundisha kitu kimoja: kuhesabu kwa vidole mpaka sitini, kupima ukuta kwa kamba, kusoma saa kwa namna ya kwao. Mwalimu mwenyeji alileta mke wake. Bibi wa Rula alikuja mara tatu bila kualikwa.

Leo Cherehani ana darasa lake mwenyewe nchini kwao, watoto hamsini na wanane, madirisha manne, feni moja inayozunguka ikijisikia. Watoto hao nao wametoka huku na huko. Mji unakua, kila mwezi wanakuja wapya na begi na barua ya uhamisho. Juma lake la kwanza pale aliandika ubaoni hesabu ya kugawanya, akageuka.

"Nani nyumbani kwao wanaifanya kwa njia nyingine?"

Mikono mitatu ikapanda. Kisha wa nne, wa mtoto aliyekaa karibu na mlango.

"Mwalimu, babu yangu hagawanyi. Anatazama tu, halafu anasema jibu."

"Na anapatia?"

"Kila siku."

"Ana nafasi Alhamisi?" Cherehani akauliza, na tayari alikuwa anatafuta karatasi ya kuandikia barua.